Bomba Chini ya Chumba cha Shemeji

Mtaani walimwita Spana, na hakuna bomba lililomshinda. Ukimwita leo, leo hii anafika. Nyumba pekee aliyoipiga kalenda ilikuwa ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, sakafu ya juu ya mbao. Kila maji ya moto yalipofunguliwa bafuni huko juu, chini ya sakafu ya chumba cha kulala ulisikika mlio kama bawaba iliyokauka mafuta. Shemeji alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, na usingizi wake wa mchana ulikatika hapo hapo. Dada akamweleza Spana. Spana akacheka, akasema nyumba inaimba, atapita Jumamosi.

Jumamosi zikapita, yeye hakupita. Alipokumbushwa, alijitetea kwamba kinyozi hajinyoi.

“Sawa,” dada akasema, “lakini mimi si kichwa chako.”

Mwaka wa pili dada akanyamaza. Spana akadhani mlio umekwisha wenyewe. Kumbe dada alikuwa akichemsha maji ya kufulia jikoni na kuyapandisha kwa ndoo, akinyata, mumewe asiamke. Asubuhi moja akateleza karibu na ngazi ya juu. Maji yalimkosa, lakini nyonga ilivunjika.

Kesho yake Spana alikwenda na mfuko wa vifaa. Shemeji akasogeza kitanda. Spana akang'oa ubao mmoja, na tatizo likaonekana: bomba lilipita kwenye tundu jembamba la boriti, na kila lilipopata moto lilitanuka na kusugua mti. Akalipanua tundu kwa patasi, akalizungushia bomba kipande cha mpira, akarudishia ubao. Wakafungua maji. Kimya.

Hospitalini, dada akamuuliza kazi ilichukua muda gani. Spana alitaka kusema nusu siku.

“Dakika ishirini,” akasema.

Dada akageuzia uso ukutani. Kisha akamuuliza kama amekula.

Hakupanda tena ngazi zile. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni, na Spana akamjengea bafu dogo pale chini, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Alipomaliza, dada alimshukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa fundi yeyote.