Tembo wa Kwenye Muundi

Enzi zile kijijini kwetu Ulaya, si ile ya Wazungu, sisi wa kidato cha pili daftari tuliliheshimu kwa majibu tu. Hesabu zenyewe tulikokotolea miguuni! Unavunja njiti ya ufagio, unakwaruza muundi usiopakwa mafuta, namba zinatokea nyeupe pe. Ukikosea, unalamba kidole unafuta. Mama akiniona alikuwa anapiga kelele: "Miguu imepauka utadhani huna mama! Njoo upakwe mafuta!" Nami mbio, maana mafuta yangenifutia mabano yangu.

Rafiki yangu Kabula, ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, alijaliwa miundi mirefu ya kutosha swali zima. Nilimwonea wivu, jamani!

Siku moja likatangazwa lori la kwenda Mikumi kuona tembo. Ikabaki nafasi moja, na tuliobaki ni mimi na Kabula. Mwalimu wa hesabu akasema atakayerahisisha sehemu sawasawa ndiye atakayepanda, akatuandikia ubaoni x² + 5x + 6 juu ya x² + 4x + 3. Mimi upande huu, Kabula ule.

Nilikuwa naruka kwa furaha. Juu, namba mbili ambazo ukizizidisha unapata sita, ukizijumlisha unapata tano: mbili na tatu. Chini, moja na tatu. Mabano yakakaa, (x + 2)(x + 3) juu, (x + 1)(x + 3) chini. Nikakata (x + 3) juu na chini, ikabaki x + 2 juu ya x + 1. Darasa likapiga makofi, makofi yakanipanda kichwani. Nikaona x juu, x chini, nikazifyeka nazo!

"Jibu ni mbili, Mwalimu!"

Kabula alikuwa ameshaweka chaki chini. Lake liliishia x + 2 juu ya x + 1.

"Hebu weka moja badala ya x," Mwalimu akaniambia.

Nikaweka. Tatu juu ya mbili.

"Hiyo ni mbili?"

"Hapana, Mwalimu."

"Tunakata kinachozidishwa, binti. Kinachojumlishwa kiache."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, maana nilimtaka yule tembo kuliko kitu chochote.

Jioni lori liliporudi, Kabula alikuja moja kwa moja kwetu, vumbi hadi kwenye kope. Akampa mama shikamoo, akanikalisha chini, akanichorea tembo kwenye muundi, mkonga umebeba jibu: x + 2 juu ya x + 1.

"Haya, umemwona," akasema.

Siku tatu sikunawa miguu.

Mwaka uliofuata wazazi wake walihama na ng'ombe wao, sijamwona tena. Siku hizi wanangu wanalipiga swali picha kwa simu, jibu linakuja kabla hawajakaa vizuri, na miguu yao inavyong'aa kwa losheni, njiti haiachi alama. Mikumi nimepita mara nyingi, tembo nimewaona dirishani mpaka nimezoea. Hakuna aliyenifurahisha kama yule wa kwanza, aliyefutika siku mama aliponikamata na kopo la mafuta.