Folda Tupu ya Wajawazito

Huku Karatu ngurumo ikianza kusikika upande wa Oldeani, kila mtu anakimbilia kuchomoa plagi. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi ndiye niliyekuwa natunza kompyuta za kituo chetu cha afya, na siku hiyo nilichomoa kwa pupa mpaka diski ya nje ikadondoka kwenye sementi, ikafa. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu zote za kliniki ya wajawazito.

Mvua ilipokata nikawasha mashine kuu. Ikagoma: folda ya wajawazito haionekani. Nilikuwa nimehangaika na umeme siku tatu, mgongo unauma, na foleni ya akina mama imefika getini. Nikasema bora liende. Nikatengeneza folda tupu, nikaipa jina lile lile. Mashine ikaridhika, ikaendelea. Watu wakanipongeza, nami nikanyamaza, maana mashine ya pili, kule chumba cha dawa, ilikuwa na nakala ya kila kitu.

Nilichosahau ni kuitenga kwanza na mashine kuu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kufanana na mkubwa wake. Ilipoona folda ya mkubwa haina kitu, nayo ikafuta ya kwake. Hata chai sijamaliza.

Nilimwambia muuguzi peke yake. Hakunigombeza.

"Mficha uchi hazai, fundi. Nenda kwa daktari ukaseme."

Nikasema. Nikapewa kalamu na rundo la fomu, nikae na muuguzi tuwaulize kina mama wote upya.

Wa kwanza alitoka Kakesio, safari ya siku nzima, mimba ya miezi minane. Kadi yake ilikuwa imelowa kwa mvua, haisomeki. Muuguzi akamuuliza kwa Kimaasai: umezaa mara ngapi, wangapi wako hai. Mama akanitazama mimi. Akasema haya alishayasema hapa hapa, huku akilia, akaambiwa yameandikwa na hatayarudia tena.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini alishawahi kupasuliwa wakati wa kujifungua, na daktari asipojua habari zote angeweza kumpoteza. Basi akaanza upya, mtoto baada ya mtoto, nami nikaandika. Wanne. Aliye hai, mmoja.

Alipomaliza aliuliza jambo, muuguzi akasita kutafsiri. Nikamwomba aseme tu.

"Anauliza, safari hii mtayaweka wapi?"

Nikanakili fomu nzima kwa mkono, nikampa. Akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la shuka lake.