Krr Mbili za Winchi

Walimwita Winchi, na hata nahodha, kaka wa mkewe, alikuwa keshalisahau jina alilopewa na mamake. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyevuta mshipi wa ndoana elfu moja kutoka kilindini, na kila mara, kabla ya kuvuta, aliishtua winchi, ile mashine ya kuvutia mshipi, mara mbili: krr, krr. Naiamsha, alisema. Kumbe alikuwa anagonga kengele ya chakula.

Maana nyangumi wauaji si wajinga. Mshipi ukiwa umelala chini kabisa hawajihangaishi kuufuata. Wanangoja hadi upande nusu ya njia, ndipo wanazama, wanachomoa samaki mmoja mmoja na kukuachia midomo kwenye ndoana. Safari tatu mfululizo Winchi aliinua midomo. Nahodha ndiye aliyegundua kwamba wanageukia boti yao kwa kusikia zile krr mbili.

"Shemeji, leo usiishtue," alimwambia. "Wakituibia tena, safari ijayo sikuchukui. Mabaharia watanikimbia wote."

Winchi alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na kazi nyingine haijui. "Siishtui," akasema.

Na kweli hakuishtua. Kule mbali mapezi meusi yalizama na kuibuka, yakijitafutia riziki yao. Samaki wa kwanza akapanda, mzima. Wa kumi. Wa hamsini. Mabaharia wakaanza kutaniana, na Winchi, mtu mzima yule, akawa anacheka nao kama mtoto. Ndipo mshipi ukakwama kidogo. Mwingine angesimama afikiri. Yeye mkono ulimtangulia: krr, krr.

Mazoea yana taabu, jamani. Mapezi yaligeuka yote kwa pamoja, yakaja mbio, yakazama. Ndoana iliyofuata ilileta mdomo. Na iliyofuata.

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomchoma. Nahodha alimbandua mkono kwenye winchi taratibu, akamwita mpishi aishike.

"Nipe safari moja tu," Winchi akaomba. "Nifunge mkono kwa kamba ukitaka. Nifunge, shemeji."

Nahodha alimsogezea ndoo ya kutilia midomo. Winchi akakaa, akaanza kuichomoa kwenye ndoana.

"Dada yako nitamwambia nini?" Winchi akauliza.

"Nitamwambia mimi," nahodha akasema, bila kumtazama.