Atakayeshika Nafasi

Kampuni yenyewe inatengeneza lifti, ofisi yake iko ghorofa ya nne, na lifti ya jengo ni mbovu. Usicheke. Mafundi wake wanatoka asubuhi kwenda kutengeneza lifti za watu mji mzima, na wakirudi jioni wanapanda ngazi huku wakihema kama kila mtu. Anayezipanda kwa taabu kuliko wote ni karani wa ofisi, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, ambaye wenzake wameshalisahau jina lake na kumwita Bi Tayari. Ukimuuliza barua ya mteja imefikia wapi, atakwambia tayari. Ratiba ya mafundi? Tayari. Chai ya wageni? Iko mezani tangu saa ile. Kuwa na mtu wa namna hiyo ofisini ni raha tupu, isipokuwa kwake mwenyewe.

Siku ninayokusimulia ilikuwa Alhamisi. Bi Tayari alifika kwenye kiti chake, akavua viatu chini ya meza, akatulia kwanza. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa ngazi, huo huisha mtu akikaa. Huu mwingine alilala nao na kuamka nao, na siku hizi hata usingizi haukumsaidia kitu. Ila asubuhi hiyo alikuja na jambo moja tu kichwani, kuomba likizo.

Dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, alikuwa anapasuliwa nyonga Jumanne. Huyo dada ndiye aliyemlea Bi Tayari baada ya mama yao kufariki. Sasa mumewe ameshatangulia, na watoto wake wametawanyika kutafuta maisha. Juzi yake alikuwa amepiga simu, akasema, "Mimi sitaki hela, wala matunda usiniletee. Nataka nikifumbua macho baada ya hiyo dawa yao ya usingizi, nimwone mtu wangu. Basi." Bi Tayari akasema atakuja. Dada akasema, "Haya." Hiyo haya Bi Tayari aliijua, ni ya mtu aliyezoea kuahidiwa. Arusi ya mpwa wake aliahidi kwenda, hakwenda. Mazishi ya shemeji alifika jioni, watu wanakunja mikeka.

Sasa ngoja nikueleze mambo ya ofisi yao, la sivyo hutanielewa. Miaka mitatu nyuma Meneja alirudi kutoka semina akiwa wa moto kweli kweli. Huko walionyeshwa kwamba mtandaoni kuna violezo vya kazi za ofisini, yaani fomu na barua zilizokwisha kutengenezwa. Wewe unachagua, unajaza majina yenu, unabonyeza, na kazi inajiendesha. Mteja akiandika kwamba lifti imekwama, papo hapo anajibiwa kwa adabu na fundi anapata ujumbe. Mtu akiomba likizo, ombi linakwenda lenyewe kwa atakayeshika nafasi yake, kisha kwa Meneja, kisha linarudi limekubaliwa. "Makaratasi sasa basi," Meneja akasema. Na nani akakaa kuvichagua hivyo violezo na kuvijaza kimoja kimoja? Meneja? Thubutu.

Na kusema kweli Bi Tayari alivipenda. Mwanzoni vilimtua mzigo. Alivipenda hadi akaweka na cha kwake kwenye simu: asipopokea, simu yenyewe inamwandikia aliyepiga, *Samahani, nipo kazini kwa sasa, nitakupigia baadaye.* Jambo dogo tu, la kiungwana.

Kisha zikaanza likizo za watu. Mhasibu alipoomba, Bi Tayari akapata ujumbe: umechaguliwa kushika nafasi yake, unakubali? Akabonyeza ndiyo. Akaomba mkuu wa mafundi: umechaguliwa. Akaomba Meneja mwenyewe: umechaguliwa. Kila anayeondoka, kazi zake zote zinamwagikia Bi Tayari. Ankara za wateja. Fundi gani aende wapi. Mtu anayetukana kwa sababu mama yake mzee amekwama ghorofa ya sita na hakuna anayekuja. Yeye anajibu, anapanga, anatuma, na chini ya kila barua kiolezo kinaweka jina la mwenyewe aliyeko likizo. Akimaliza hayo ndipo anaanza kazi yake. Na likizo yake yeye akaisogeza, akaisogeza tena, maana kila akitaka kuomba anakuta kuna mwenzake hayupo.

Mbona hakukataa? Nilijua utauliza. Ni kwa sababu lilimpendeza lile neno, umechaguliwa. Watu wote wale, na kila mmoja anamchagua yeye. Hata kwa dada yake alijidai kidogo, akamwambia, "Kazini wananitegemea sana." Dada akauliza, "Wanakutegemea au wanakuegemea?" Wakacheka, yakaisha.

Basi Alhamisi hiyo akafungua fomu ya likizo kwa ajili yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu aitengeneze. Akajaza tarehe. Akajaza sababu. Akabonyeza. Fomu ikakataa, ikaleta maandishi mekundu: *Mwombaji hawezi kujishikia nafasi.* Akatazama pale panapoandikwa atakayeshika nafasi, akakuta jina lake mwenyewe limekaa.

Akamwita fundi wa kompyuta, jamaa mwenye upara na njiti mdomoni, anayehudumia ofisi zote za jengo lile.

"Mashine yako imepagawa," akamwambia. "Naomba mimi, inaniandika mimi."

Jamaa akainama, akabonyeza hapa na pale. "Haijapagawa, mama. Hili jina limo ndani ya kiolezo. Kila anayefungua fomu analikuta limeshakaa."

"Kila nani?"

"Kila mtu. Anayetaka mtu mwingine analifuta, anaandika jina la huyo anayemtaka."

"Na waliolifuta ni wangapi?"

Akapekua, akapekua tena. "Sioni hata mmoja."

"Nani aliliweka?"

Njiti ikahama kutoka upande mmoja wa mdomo hadi wa pili. Hakuwa mtu mbaya, na aliona mambo yanaelekea wapi. "Inaonyesha uliliweka wewe, mama. Siku ile ya majaribio."

Akakumbuka. Fomu ilitaka jina lolote ili aone kama ombi linapita, akaandika la kwake. Lilipopita akafurahi, akaenda kwenye kiolezo kingine, hakurudi kulifuta. Kumbe hakuna aliyemchagua. Watu walifungua fomu, wakajaza tarehe zao, wakabonyeza, wakaenda zao hawana hili wala lile. Miaka yote hiyo amebeba ofisi mgongoni kwa kujichagua mwenyewe. Fundi wa kompyuta akasema pole, akaondoka polepole, hakutaka hata kumwambia asaini kwamba amehudumiwa.

Bi Tayari akalifuta jina. Pakabaki peupe. Sasa ilibidi amwendee mtu akamwombe kwa mdomo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale tangu aajiriwe, na aibu ikamshika kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani. Akajikaza kisabuni, akaenda kwa mhasibu.

Mhasibu ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo, uso unang'aa, nywele mpya.

"Naomba unishikie nafasi wiki ijayo," Bi Tayari akasema. "Dada yangu anapasuliwa."

"Pole jamani. Nenda tu, dada. Lakini nikushikie nafasi ya nini, si mfumo upo?"

"Mfumo unafanya nini?"

"Unafanya kila kitu. Mimi huko nilikokuwa sijagusa hata karatasi. Narudi nakuta wateja wamejibiwa, ankara zimetoka, yule mwenye hoteli aliyekuwa anatusumbua ametulizwa kwa maneno mazuri kuliko yangu. Nikasema, kweli hii kompyuta imetukomboa."

"Yule mwenye hoteli nilimtuliza mimi."

"Wewe?"

"Na ankara nilituma mimi. Akiondoka mkuu wa mafundi, kazi zake nafanya mimi. Za Meneja vilevile."

Mhasibu akaweka kalamu chini. "Mimi nilijua ni mfumo," akasema. "Haki ya Mungu, dada. Lile jina la kwenye fomu sikujua hata kama ni lako. Wote tunajua ni mfumo. Hata Meneja huwaambia wageni, hapa kwetu mtu akiondoka kazi inajiendesha yenyewe."

"Na mimi mkiniacha hapa kila jioni mnaondoka, mlidhani nabaki kufanya nini?"

Mhasibu akaona haya. "Tulidhani unapenda kazi."

Afadhali angemtukana, maana tusi lina jibu lake. Bi Tayari aliumia. Miaka yote alijua anachoka, lakini alidhani angalau watu wanaona. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia, ila hakulia sana. Alikuwa amechoka mno hata kulia vizuri hakuweza. Baada ya muda mhasibu akamfuata, akakaa naye hapo hapo bila kujali sketi yake.

"Andika jina langu," akasema. "Sijui nitaanzia wapi, lakini andika."

Akaandika. Meneja akabonyeza, na jibu likaja saa ile ile: *Ombi lako limekubaliwa. Pumzika vizuri, unastahili.* Bi Tayari akayasoma yale maneno, akayaona ni mazuri sana. Alikuwa ameyaandika mwenyewe.

Akasafiri. Alimkuta dada yake wodini kwenye kitanda cha dirishani, amevalishwa gauni la hospitali lisilomtosha mabega. Dada akamtazama kwanza, kama mtu anayehakikisha.

"Umekuja."

"Si nilikwambia nakuja?"

"Uliniambia."

Bi Tayari akavuta kiti, akakaa, akaanza kumkanda miguu. Simu ikalia ndani ya mkoba. Bila shaka alikuwa mhasibu, ameshakwama mahali. Kabla hajaitoa, ikakata.

"Sasa atapata ule ujumbe wako," dada akasema.

"Ujumbe gani?"

"Samahani, nipo kazini kwa sasa, nitakupigia baadaye." Aliusema wote bila kukosea neno, akitazama dari. "Mimi mwanzoni nilikuwa naujibu, unajua? Naandika, haya mdogo wangu, pole na kazi, usisahau kula. Nilijua ni wewe unayeniandikia. Nikawa najisemea, huyu hata kama hana nafasi ya kuongea, kila nikipiga hakosi kunikumbuka. Nilikaa hivyo muda mrefu, hadi jirani aliposhika simu yangu akaniambia, mama, huyo si mtu, hiyo ni simu inajibu yenyewe."

Mikono ya Bi Tayari ilisimama juu ya miguu ya dada yake. Zile meseji alizikumbuka. Aliziona zikiingia, pole na kazi, usisahau kula, akazisoma mbio mbio katikati ya kazi za watu na kupita, hakujiuliza hata siku moja dada anajibu nini. Kumbe pole zote alizokuwa akizitamani kule ofisini zilikuwa zinamjia, na yeye hakuwa anazipokea.

"Ungeniambia, dada."

"Ningekwambiaje? Nikipiga hupokei."

Dada hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Bi Tayari alisema nisamehe, dada akasema endelea kukanda, huo mguu wa kushoto hujaugusa bado.

Jumanne wakamchukua mapema. Bi Tayari akabaki kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Akaitoa simu, akaanza kutafuta pale mahali alipouweka ule ujumbe. Akahangaika, maana alishasahau njia yake, hadi akapaona, akaufuta. Mhasibu akapiga tena, safari hii akapokea. Akamweleza faili la ratiba liko wapi, akamsikia akishusha pumzi na kusema, "Dada, na hivi vyote unavifanya peke yako?" Akamjibu ndiyo, akamuaga, akaendelea kungoja.

Walipomrudisha dada wodini alikuwa bado amelala, mdomo wazi, anaonekana mdogo kuliko alivyo. Bi Tayari akasogeza kiti hadi kikagusa kitanda. Usingizi ulimjia mara kadhaa, uchovu wa miaka yote ukamwinamisha shingo, akajishtua kila mara na kukaa wima. Alasiri dada akafumbua macho. Yalizunguka kwanza kwenye dari, kwenye dirisha, kisha yakamfikia yeye.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

Dada akakunja uso, dawa bado imemkamata. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, dada."

Dada akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika, akalala tena.