Kamba ya Mzee Shabani

Juzi hapa Nyasura nilimwona seremala akimpima mtoto kwa kamba ili amchongee magongo. Mtoto alikuwa anacheka. Mimi nilikumbuka siku niliyopimwa hivyo nikiwa mdogo.

Nyumba yetu ilikuwa bado inanukia udi na kafuri. Jana yake babu alifariki, na nilimwona Mzee Shabani, seremala wa mtaani kwetu, akimpima kwa kamba toka kichwani mpaka miguuni. Alipiga fundo, akaipeleka makaburini ili wachimbe kwa urefu ule. Sasa alisimama mbele ya mkeka wangu, kamba mkononi.

"Lala, ujinyooshe, mjukuu wangu."

Mguu wangu wa kulia haukuwa na nguvu tangu nizaliwe, kwa hiyo nisingeweza kukimbia. Kamba ilianzia kwapani, ikashuka polepole mpaka kisiginoni. Nikajiuliza kichwa changu watakiweka wapi. Alipopiga fundo nilitaka kusema kwamba sijafa, lakini nikaishia kulia tu.

"Huyu analiaga hivyo akiona wageni," mama alimwambia.

Siku chache baadaye alirudi na magongo mawili yenye harufu ya mbao mbichi. Mama aliniinua, akayapachika kwapani mwangu. Mzee Shabani akanyoosha mikono.

"Njoo kwangu."

Niligeuka upande wa mlango, nikaenda, ko, ko, ko, mpaka uani kwa jirani. Nyuma yangu mama alikuwa analia kwa furaha.

"Alhamdulillahi! Mwanangu anatembea!"

Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nakimbia kaburi.