Kwenye Mwamba wa Mulanje

Nilikuwa mwalimu kijana, mgeni Songea, nikiishi mtaa wa Mjimwema, nilipowapeleka wanafunzi wanane Malawi kupanda Mlima Mulanje. Miaka ile safari za nje zilikuwa zimeanza kuwa rahisi, na wazazi waliniruhusu kwa kuamini kwamba mwalimu anajua anachokifanya. Mimi sikuwa nimewahi kupanda mlima wowote.

Siku ya pili tulifika kwenye mwamba mtupu ulioinama kama paa. Katikati yake miguu yangu iligoma. Nililala kifudifudi nikiukumbatia mwamba.

Aliyerudi kunifuata alikuwa msichana wa kijiji cha Maposeni, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Alichuchumaa mbele yangu.

"Mwalimu, usiangalie chini. Angalia visigino vyangu tu. Nikisogea, nawe usogee."

"Siwezi," nilimwambia.

"Basi tupumzike kwanza. Hakuna anayetukimbiza."

Tukapumzika. Kisha akaanza kwenda taratibu, nami nikatambaa nyuma yake, macho yangu kwenye makatambuga yake ya tairi, mpaka tukafika juu. Hakuna aliyenicheka. Mmoja alinipa maji, mwingine akanipisha kwenye jiwe alilokuwa amekalia.

Upande wa mashariki tuliona mabonde ya kijani. Yule msichana aliuliza ni wapi.

"Msumbiji," nikamjibu. "Vita vimekwisha huko."

Akatazama huko.

"Basi mwakani twende huko, Mwalimu. Mimi nitatangulia."

Nikamkubalia.