Maji Yaliyotoka Safi

Kijito cha kwetu, mashariki ya Uyole, kilikuwa na haraka. Kilishuka kutoka Uporoto kikiruka mawe, na mvua ikinyesha asubuhi, mchana kilikuwa kimeshabeba mabua na udongo mwekundu wa mashamba yetu kuupeleka bondeni. Mtu akichukuliwa kibuyu na maji huko juu, alishuka hadi kwenye kona yenye matete akakiokota. Tulidhani mito yote iko hivyo.

Masika moja, katika miaka ya hamsini, kaka yangu alishuka Usangu kutafuta ng'ombe wa mahari. Mtumbwi ukapinduka akivuka Ruaha. Wenzake walirudi na kofia yake tu.

Mama akalala chini, juu ya majani makavu ya migomba. Nyumbani kwetu matanga hayakuanuliwa mpaka marehemu azikwe. Moto uliwashwa uani, na majirani wakaleta kuni.

Baba hakwenda pale alipozama.

"Maji hayakai," alisema. "Tutamkuta mbele."

Alikunja shuka jeupe jipya, la kumzikia, akanichukua mimi, bintiye mkubwa, ili nimpikie njiani. Tulipanda lori hadi Iringa, tukalala kwa shangazi, mtaa wa Mlandege, kisha tukatembea kuelekea magharibi kupitia Idodi mpaka tukaufikia Ruaha, mbali chini ya alipozama. Barabara ilikuwa imeuzunguka mto kwa mbali. Kilichokuwa katikati hatukukiona.

Tulikaa ukingoni. Kila gogo lililopita, baba alisimama.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akitega migono akatucheka. "Shikamoo, mzee! Mnangoja kivuko? Hapa labda mpande kiboko."

"Marahaba. Namngoja mwanangu. Alizama Usangu, mtumbwi ulipinduka."

Mvuvi akaweka mgono chini. "Usangu wapi? Juu ya Ihefu?"

"Ihefu ndiyo nini?"

"Nyie mmetoka wapi, mzee?"

"Mbeya. Milimani."

"Ndiyo maana. Huko kwenu mto unakimbia. Ukifika Ihefu unalala. Unatandaa kwenye matete mpaka hujui uko wapi, halafu maji yanavuka mawe kidogo kidogo kuja huku. Hata ule mtumbwi hamtauona." Akachota maji kwa viganja, akamwonyesha. "Tazama."

Yalikuwa safi. Nilitazama pamoja na baba. Udongo wetu haukuwemo.

"Na huko kwenye matete, mtu hutafutwaje?"

"Hatafutwi, mzee. Mimi nimezaliwa huku, nami siingii." Kisha akanigeukia. "Pole, dada."

Baba akauliza maji yale huenda wapi. Mvuvi akanyoosha mkono: yanakwenda kukutana na Ruaha Mdogo unaotoka Iringa, yanapita kati ya milima, yanaingia Rufiji, mwisho baharini. Baba alisikiliza mpaka mwisho, lakini hakutazama ule upande aliokuwa akionyeshwa. Alitazama tulikotoka.

Hatukuondoka siku ile. Tuliondoka unga ulipokwisha, na shuka lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

Nyumbani, baba mdogo alishauri tuzike shina la mgomba badala yake, watu wapate kwenda kulima.

"Mimi sikuzaa mgomba," mama alisema.

Mgomba haukukatwa. Watu walipungua, kuni nazo zikapungua, na asubuhi moja nilikuta moto umezimika. Sikuuwasha. Matanga yale hayakuanuliwa. Yaliisha tu, kwa kukosa watu.

Mama aliendelea kulala chini. Mvua zikinyesha alikwenda kwenye kona ya matete akasimama, ingawa kijito chetu kinatoka kwetu kwenda kule, hakileti kitu kutoka kule. Alilijua hilo. Nilimwambia, akaniambia analijua.

Alipofariki, kabla ya mvua nyingine, baba alilitoa lile shuka tukamzikia. Kando yake tuliacha nafasi ya kaburi la mwanawe. Baba alipalilia pale kila alipoweza. Sasa naye hayupo, nami magoti yananisumbua, na nyasi zimepafunika.